Maneno ya Kuzindulia Mchezo Si Hirizi

Yangu ni malalamiko. Hapa shuleni kumezuka biashara ya ajabu. Mtu akilalamika kuwa kompyuta ya kwao inakwamakwama akicheza gemu, papo hapo anaandikiwa kijikaratasi chenye maneno ya vistari: -high, -novid, -Xmx4G. Eti akayaandike kwenye kizinduzi cha mchezo na mashine itakimbia kama swara. Nimeona kwa macho yangu mtu akitozwa mandazi mawili kwa karatasi kama hiyo! Mimi nasema maneno hayo si hirizi. Kila moja lina kazi yake, na asiyeijua kazi hiyo heri apaache pale pakiwa patupu.

Tuanze na lile linaloharibu zaidi. Minecraft, ile ya Java iliyotoka rasmi mwaka wa 2011, huwekewa kikomo cha kumbukumbu ya kompyuta. -Xmx2G maana yake ni kwamba ghala ambalo Java inawekea vitu vya mchezo lisipite gigabaiti 2. -Xmx4G ni gigabaiti 4. Sasa, kompyuta nyingi za mitumba majumbani mwetu zina gigabaiti 4 kwa jumla, na Windows yenyewe imeshakula sehemu nzuri kabla hujagusa chochote. Ukiuruhusu mchezo uchukue zote, Windows itakaa wapi? Inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, ambayo mwendo wake ni wa kobe ukilinganishwa na kumbukumbu. Diski inakoroma, kipanya kinagoma, halafu mwenye kompyuta anaapa kwamba imeingiliwa na virusi. Virusi gani jamani? Ni ile karatasi ya mandazi mawili.

Nalo -high? Hilo huuweka mchezo mbele ya programu nyingine katika foleni ya kuhudumiwa. Ni sawa na mtu anayewasukuma wenzake kwenye foleni ya matatu: yeye atapanda mapema, lakini gari halijaongezewa kiti hata kimoja.

Sisemi maneno yote ni bure, la hasha. Katika Steam, programu ambayo kampuni ya Valve ya Marekani iliizindua mwaka wa 2003, unabonyeza jina la mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua sifa zake, na hapo pana kisanduku cha maneno haya. Kwa mchezo kama Half-Life 2 wa mwaka wa 2004, -novid huruka ile filamu ya mwanzo, basi. Lakini -w 1024 -h 768 ni dawa kweli kwa mashine dhaifu. Hesabu mwenyewe: 1024 mara 768 ni nukta 786,432 za kuchora kila mara. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Ukiipunguzia mashine kazi ya kuchora, lazima ipumue. Ajabu ni kwamba hili halipo kwenye vijikaratasi, labda kwa sababu picha haitakuwa ya kuringia.

Kuna mpangilio mwingine ambao hauna maneno ya vistari, nao ndio ulionifanya nishike kalamu. Vizinduzi vingi huweza kuamka vyenyewe kompyuta inapowashwa, na kuanza kupakua masasisho ya michezo. Mtaani kwetu kuna kijana aliyegombezwa na mamake jioni nzima kwa sababu bando la wiki lilikuwa limekwisha siku ya pili. Hakuwa amecheza hata dakika moja. Alikuwa ameiwasha kompyuta ili aandike insha. Mama angejuaje? Na kijana angejiteteaje, ikiwa hakuna aliyewahi kumwonyesha pale pa kuondoa alama ya kujiwasha? Alama moja tu! Ungeweza pia kuamuru mchezo usisasishwe mpaka uufungue mwenyewe.

Najua kuna mwalimu atakayeuliza kwa nini ukurasa wa Kiswahili upotezwe kwa michezo. Kwa heshima zote, Mwalimu, wanaocheza watacheza tu, na sisi wa kutwa tuna jioni ndefu. Tena kazi hii ni ya lugha. Kwenye kompyuta nizijuazo vibonye vyote ni vya Kiingereza, na ndiyo maana mtu anakubali kunakili asichokielewa.

Kwa hivyo naiomba kamati ya Chama cha Kiswahili itupe karatasi moja kubwa ibandikwe karibu na mlango wa maktaba, tuandike kila neno la kuzindulia na maana yake, bure, bila mandazi. Niko tayari kuiandika. "Kizinduzi" ninalo, "kikomo cha kumbukumbu" ninalo. Linalonishinda ni -windowed, la kuufungulia mchezo ndani ya dirisha. Nilijaribu "kidirishani", wale wa kidato cha pili wakacheka mpaka kengele ikalia.