Mutshatsha: miguu ikikakamaa nyumbani, uchawi usiwe jibu la kwanza

Katika eneo la Mutshatsha, jimboni Lualaba, kama kwingineko Kongo, mtoto wa pili akianza kutembea kwa shida kama kaka yake, mara nyingi jamaa hutafuta mchawi kabla ya daktari. Bibi mzee hunyooshewa kidole, na ukoo unagawanyika. Sayansi ina jibu lingine.

Kila seli ya mwili husaga vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia tena. Kifuko kinachofanya kazi hiyo, lisosomu, kiligunduliwa mwaka 1955 na Mbelgiji Christian de Duve. Mwaka 2016, Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza namna kazi hiyo inavyoendeshwa. Wakaaji wa Kolwezi wanaijua hesabu hiyo: mabaki ya zamani ya migodi hurudishwa kiwandani yakatoa shaba na kobalti. Kiwanda kikisimama, taka zinarundikana.

Ndivyo ilivyo katika ugonjwa uitwao SPG11. Mtoto hurithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Lisosomu hazifanyizwi upya vizuri, taka hujaa, na neva ndefu zinazoongoza miguu huharibika. Kwa kila mimba, hatari ni moja kati ya nne. Watoto wawili wanaweza kuugua bila mtu yeyote kuwaroga.

Si kila mguu uliokakamaa ni wa kurithi. Konzo, ambayo daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, hutokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, nayo pia hushika watu kadhaa wa nyumba moja. Lakini konzo huja ghafla, kisha haizidi. Ugonjwa wa kurithi hunyemelea, na huzidi mwaka hadi mwaka. Muuguzi akiuliza ulianza lini na unaendeleaje, tayari amepiga hatua kubwa.

SPG11 haina dawa ya kuiponya. Hata hivyo, mazoezi na dawa za kulegeza misuli husaidia, na wazazi wanastahili kuelezwa kabla ya mimba nyingine. Jimbo linalochimba kobalti ya betri za dunia haliwezi kukosa pesa za kufundisha wauguzi wa Mutshatsha na kuwasafirisha wagonjwa hadi kwa madaktari wa neva mjini Lubumbashi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kumfukuza bibi asiye na hatia.