Mpagazi wa Tendaguru Hana Kadi Mezani

Nilipopita Rondo likizo iliyopita niliwakuta wazee wawili chini ya mwembe wakicheza bao, na kando yao watoto wakicheza la kwao walilolichimba mchangani, kete zikiwa kokoto. Mtumishi wa umma niliyefuatana naye alitikisa kichwa: "Dokta, ndiyo maana hatuendelei." Sikumjibu pale. Namjibu hapa.

Bao lina kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Anayeuona huo kuwa uvivu na ajaribu kukokotoa kichwani mtaji wake utaishia shimo gani, huku mwenzake akimkejeli. Mholanzi Alexander de Voogt alipata udaktari wake Leiden mwaka 1995 kwa kuchunguza umahiri wa mafundi wa bao. Sisi mafundi hao tunawafukuza vijiweni.

Hata hivyo bao halisimulii kisa, na vijana wetu wana kiu ya visa. Wanafunzi wangu wenye uwezo huagiza michezo ya mezani kutoka nje: Cluedo, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1949, ambamo muuaji husakwa ndani ya jumba la tajiri, mingine ya kuchora na kubahatisha, mingine ya safari za kusaka hazina. Sina ugomvi nayo. Pengine inafundisha kupima ushahidi kuliko baadhi ya mihadhara yangu. Kinachonikera ni kwamba katika michezo ya safari Afrika mara nyingi huwa pori la kuvuka, na mwenyeji, akitokea, ni mbeba mizigo asiye na jina.

Sasa tazama kaskazini ya nyanda za Rondo, upande wa Mto Mbwemkuru. Hapo ndipo Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na njaa iliyofuata ilikuwa bado haijasahaulika. Mamia ya wenyeji walichimba chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kichwani mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi. Mzigo wote unakadiriwa kuwa tani zaidi ya 200. Leo kiunzi kimoja, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama katika makumbusho ya Berlin, nasi tunabishana bungeni kama kirudi au kisirudi.

Fumbo lipo, safari ipo. Hata kuchora kupo, kwa maana mtoto wa Rondo hajauona mfupa huo na hana budi kuuchora kwa kukisia. (Na kama hilo halitoshi, kuna sarafu za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko ni fumbo hadi leo.) Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeshaingia katika mtaala. Karatasi ya manila, kalamu za rangi na kokoto hazihitaji zabuni. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu na ofisa elimu wasioogopa kuonekana wanacheza saa za kazi.

Nimejaribu na wanafunzi wangu. Tulichora njia ya Tendaguru hadi Lindi, tukagawana kadi: mtaalamu, msimamizi, mpagazi, karani wa bandari. Kila mmoja alipewa kipande cha ushahidi, na kazi ilikuwa kubaini mfupa gani umepotea njiani na nani anajua ulipo. Kwa robo saa mambo yalikwenda vizuri. Kisha wapagazi wakauliza kanuni ambayo sikuwa nimeiandika: mpagazi akichoka anapoteza zamu, au anaruhusiwa kukataa mzigo? Mtaalamu akasema mchezo hautafika Lindi namna hiyo. Mpagazi mmoja, binti wa mwaka wa pili, akaiweka kadi yake chini na kumwambia abebe mwenyewe. Muda wa kipindi uliisha dadu ikiwa mezani, hakuna aliyeirusha.