TAHARIRI: Kuongoza Hospitali ni Amana, na Amana Haibebwi bila Elimu



Ndugu Waislamu, kila inapotajwa elimu ya afya katika mikutano yetu, fikra za wengi huenda kwa daktari, muuguzi na mfamasia. Mzazi humwombea mwanawe awe daktari. Kamati ya msikiti inapokusanya michango ya kujenga zahanati, jambo la kwanza wanaloulizana wajumbe ni daktari atapatikana wapi. Hilo ni swali la haki. Lakini lipo swali jingine ambalo bado halijapewa nafasi yake: ni nani atakayeiongoza zahanati hiyo siku ambayo jengo limekwisha, mgeni rasmi ameondoka na daktari ameajiriwa?

Mgonjwa anayefika kituoni akaambiwa dawa hakuna, mara nyingi hakukosa daktari. Daktari yupo, amempima na amemwandikia. Aliyekosekana ni mtu wa kuhesabu dawa zilizobaki, kujua zitakwisha lini na kuagiza nyingine kabla ya siku hiyo. Vivyo hivyo mashine ya maabara inayokaa miezi bila kutengenezwa, muuguzi anayeacha kazi kwa kucheleweshewa mshahara, na madai ya bima yanayorudishwa kwa kuwa fomu zimejazwa vibaya. Hakuna hata moja kati ya maradhi hayo linalotibiwa kwa sindano. Dawa yake ni uongozi, na uongozi wa huduma za afya leo ni fani inayosomwa hadi shahada ya uzamili na zaidi.

Tuitazame hali ya Tanzania. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, Serikali imekuwa ikipeleka sehemu ya fedha za afya moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya. Maana yake ni kwamba tabibu aliyefundishwa kutibu malaria amejikuta pia akiandaa bajeti, akisimamia manunuzi na kutoa hesabu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na kadiri bima inavyopanuka ndivyo kituo kisichojua kuandaa madai yake kitakavyofanya kazi bila kulipwa.

Na athari ya uongozi imeonekana kwa hesabu. Wizara ya Afya ilipofanya tathmini ya nyota mwaka 2015/16 katika vituo vya ngazi ya msingi vinavyokaribia 7,000, asilimia 34 havikupata hata nyota moja. Tathmini hiyo haikuangalia tiba peke yake, bali pia uongozi, matumizi ya takwimu na uwajibikaji kwa wananchi. Kila kituo kikawekewa mpango wa kurekebisha kasoro zake na kufuatiliwa. Duru ya pili ilipofanyika mwaka 2017/18, vituo visivyo na nyota vilikuwa vimeshuka hadi kiasi cha asilimia 4. Nchi haikujengewa hospitali mpya kila kijiji katika miaka miwili hiyo. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni namna ya kusimamia kilichokuwapo.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Baada ya vita vya Khandaq, Sa'd bin Mu'adh (r.a.) aliuguzwa katika hema lililopigwa msikitini Madina, hema la bibi Rufaida, ambaye anatajwa katika vitabu vya sira kwa kuwahudumia majeruhi. Mwaka 683 Hijria, sawa na 1284, Sultan Qalawun alianzisha Cairo hospitali kubwa iliyoitwa Bimaristan al-Mansuri. Aliiwekea wakfu wa kuigharamia, akaweka sharti ipokee tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke, na kuwe na msimamizi wa kuangalia mapato ya wakfu na matumizi yake. Tabibu mashuhuri Ibn al-Nafis aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Waliotangulia walielewa kwamba tabibu hodari bila msimamizi mwaminifu ni taa isiyo na mafuta. Nchini Marekani, programu ya chuo kikuu ya kufundisha uongozi wa hospitali ilianzishwa Chicago mwaka 1934.

Hapa tunakutana na hoja ya baadhi ya vijana wetu wema. Wanasema: vipi niombe masomo ya uongozi hali Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura (r.a.) kuomba uongozi, akamweleza kwamba anayepewa kwa kuuomba huachiwa mwenyewe mzigo wake? Hadithi hiyo ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, na hofu hiyo ni dalili ya uhai wa moyo. Lakini isomwe pamoja na kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake. Yeye alimtaka mfalme ampe usimamizi wa hazina za nchi, na akataja sababu mbili: kwamba ni mtunzaji na kwamba ni mjuzi. Wanazuoni wameeleza kuwa kinachokatazwa ni kukimbilia cheo kwa tamaa au bila uwezo. Ama mwenye uwezo, akaona amana inapotea na hakuna wa kuibeba, hukumu yake ni nyingine.

Aidha, anayeomba kusoma hajaomba cheo. Ameomba elimu, ili cheo kikimjia kisimkute mtupu. Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Basi tukiilinganisha hali hiyo na ya msimamizi, je, anayeshika funguo za hospitali bila kujua hesabu wala ugavi, wagonjwa wakadhurika kwa ujinga wake, anasalimika vipi na dhamana?

Tukishakubaliana juu ya haja, tuje kwenye njia. Mwombaji kwanza ajue anaomba nini, kwani majina ya shahada hizi hufanana na yaliyomo hutofautiana. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii hutazama afya ya watu wote: maradhi yanavyoenea, kinga na sera. Shahada ya usimamizi wa huduma au mifumo ya afya hutazama taasisi yenyewe: fedha, watumishi, dawa, takwimu na ubora. Shahada ya uzamili ya biashara yenye mchepuo wa afya huelemea zaidi mitaji na masoko. Anayetaka kupambana na kipindupindu wilayani na anayetaka kuongoza hospitali ya vitanda mia wasiombe kitu kimoja kwa kufuata mkumbo.

Afrika Mashariki milango ipo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa uzamili wa afya ya jamii, na Chuo Kikuu cha Mzumbe, Morogoro, kinafahamika kwa mafunzo ya utawala, na usimamizi wa mifumo ya afya ni miongoni mwa fani zake. Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kina uzamili wa biashara katika usimamizi wa huduma za afya. Uganda, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1993, hufundisha usimamizi wa huduma za afya katika ngazi ya uzamili. Wenzetu hawa wana hospitali nyingi, na wameona kuwa hospitali nyingi zinahitaji wasimamizi wengi. Katika hilo tuna la kujifunza kwao.

Wala fani hii si ya madaktari peke yao. Muuguzi, mfamasia, mhasibu, mwanasheria na mtaalamu wa takwimu, wote huweza kuomba, mradi wana shahada ya kwanza inayokubalika na ufaulu unaotakiwa na chuo husika. Dada zetu wauguzi, ambao wameendesha wodi kwa miaka bila kuitwa viongozi, wasijione kuwa nje ya mwaliko huu.

Kwa ndugu waliosoma katika vyuo vya nchi za Kiarabu na Sudan, tunasisitiza jambo moja. Shahada ya nje inahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kutumika kuombea masomo ya juu hapa nchini, na matokeo yaliyoandikwa kwa Kiarabu yanahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Kazi hiyo huchukua muda, basi ianze mapema, si wiki ya mwisho ya udahili. Vita vilivyozuka Khartoum mwezi Aprili 2023 vimetufundisha thamani ya kuhifadhi nyaraka. Asiyechukua nakala zake chuo kikiwa wazi huweza kuzitafuta siku ambayo milango imefungwa. Na kabla ya kulipa ada kwa chuo chochote kinachofundisha kwa njia ya mtandao, mtu ahakikishe kwanza kwamba shahada yake inatambuliwa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma zaidi kuandika. Maombi ya uzamili huwa na sehemu mbili ambazo hazipimwi kwa mtihani: maelezo ya mwombaji juu ya nia yake, na barua za wadhamini wanaomfahamu. Sehemu zote mbili husimama juu ya ukweli, na zote mbili zimeingiliwa na uovu. Wapo wanaolipa watu wawaandikie maelezo ya nia, wakajitwalia kazi wasizozifanya na dhiki zisizowapata. Wapo wanaojiandikia wenyewe barua ya mdhamini, kisha wakampelekea mkubwa fulani aweke sahihi bila kusoma. Na maimamu na viongozi wa misikiti huombwa wamshuhudie kijana ambaye hawajawahi kufanya naye kazi hata siku moja, wakatia mhuri kwa kuona haya.

Ndugu zangu, barua ya mdhamini ni ushahidi. Tunajua kwamba Mtume (s.a.w.), alipokuwa akitaja madhambi makubwa kabisa, alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi na kulikariri onyo lake hata Masahaba wakatamani anyamaze. Je, ushahidi huo hugeuka halali kwa kuwa umeandikwa kwenye karatasi yenye nembo? Anayeingia chuoni kwa barua ya uongo amechukua nafasi ya mwingine aliyesema kweli. Kisha atapewa ghala la dawa na sanduku la fedha. Aliyeanza kwa kughushi mlangoni, kipi kitamzuia kughushi stoo?

Maelezo ya kweli, isitoshe, ndiyo yenye nguvu. Wasomaji wa maombi wamechoka na maneno makubwa ya kupenda kusaidia binadamu. Muuguzi akiandika kwamba katika wodi yake dawa fulani ilikuwa ikikwisha kila mwisho wa mwezi, akaeleza alivyogundua sababu, alichojaribu, kilichofaulu, na elimu ipi aliikosa ili kumaliza tatizo, huyo amejieleza. Na kwa mdhamini, msimamizi wake wa kila siku anayejua kazi yake ni bora kuliko mheshimiwa asiyemfahamu ila kwa jina.

Gharama isiwe sababu ya kukata tamaa, wala isimtupe mtu kwenye riba kabla hajatafuta njia nyingine. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao Jeddah imekuwa na mpango wa ufadhili wa masomo kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama tangu mwaka 1983. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia mwaka mmoja wa uzamili kwa mwenye shahada na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, takriban miaka miwili, kwa sharti la kurejea nchini kwake na kukaa angalau miaka miwili. Sharti hilo la kurejea wengine huliona zito. Sisi tunaliona ni kumbusho jema kwamba elimu ina wenyewe, nao ni wagonjwa waliobaki nyumbani.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu. Michango inayojenga ukuta wa zahanati inaweza kutengewa fungu dogo la kumsomesha msimamizi wake mmoja, kwa mkataba ulioandikwa kwamba atarudi kuitumikia kwa miaka inayojulikana. Kamati ianze na kulipa ada ya maombi na gharama ya kuthibitisha vyeti, ambavyo ni vitu vidogo vinavyowazuia wengi. Na akirudi, apewe nafasi ya kufanya kazi yake: asomewe taarifa zake za fedha, asikilizwe anaposema hapana, na asiwekewe juu yake jamaa wa mwenyekiti asiyejua kusoma mizania. Kumsomesha mtu kisha kumnyima madaraka ni kupoteza mali ya Waislamu mara mbili.

Tunawahimiza wenye sifa waanze kukusanya nyaraka zao sasa, wafanye istikhara, washauriane na wanaoijua fani hii, na waandike ukweli. Jengo la zahanati limekwishasimama katika mitaa yetu mingi. Tunamwomba Allah (s.w.t.) atupatie watunzaji walio wajuzi.