Yeye Alikomboa, Sisi Twafunga



Kila mwaka, ifikapo tarehe 3 Juni, Wakristu wa Karagwe na Kyerwa huvuka mpaka kwenda Namugongo kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda. Safari hiyo ni njema, wala siikatazi. Lakini nina neno juu yetu tunaporudi.

Wako wasemao: "Wale ni watakatifu wa Waganda, sisi twawaomba tu, hatuwezi kuwafuata." Sivyo. Mtakatifu Yohana Maria Muzeeyi alizaliwa Minziro, katika Buddu ya zamani. Waingereza na Wadachi walipopatana mpaka mwaka 1890, Minziro ilibaki upande wetu, na leo imo katika mkoa wetu wa Kagera. Huyu ni jirani yetu, udhuru umekwisha.

Naye aliishije? Alitumikia katika jumba la Kabaka. Aliitwa Muzeeyi, yaani mzee, kwa ajili ya busara yake. Mali yake aliitumia kuwakomboa watumwa, kisha akawafundisha dini. Kabaka Mwanga alipowaita Wakristu waliojificha, rafiki zake walimwonya asiende, naye akaenda. Tarehe 27 Januari 1887 alikatwa kichwa, na mwili wake ukatupwa kinamasini. Katika mashahidi 22 wa Kikatoliki, yeye alikuwa wa mwisho kuuawa. Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964.

Sasa na tujipime. Jirani ana mgonjwa, au mtoto wake amekosa ada ya shule. Anakuja kwako jioni, akiwa na haya. Wewe unampa fedha kidogo, nawe unaitwaa kahawa yake ingali maua mtini. Yeye amepalilia, wewe wauza. Mwaka ujao shida humrudisha mlangoni pako, kwa maana mavuno yake hayakuwa yake. Hiyo ndiyo butura. Mnyororo hauonekani, lakini mtu amefungwa.

Wengine hujibu: "Sikumlazimisha, tulipatana." Ndugu yangu, mwenye shida hapatani bei, huikubali tu. Wengine husema: "Nisipoichukua mimi, ataichukua mwingine." Muzeeyi naye angaliweza kusema vivyo hivyo: "Nisipomtumikisha mtumwa huyu, atatumikishwa na mwingine." Hakusema hivyo. Alitoa mali yake ili mtu awe huru.

Kwa hiyo, kabla hujalipa nauli ya Namugongo, mrudishie jirani yako kahawa yake. Akikuomba fedha, mkopeshe. Naye akiisha kuvuna na kuuza, akulipe kiasi kile kile ulichompa, basi. Na sisi walimu wa dini tuanze, kwa maana wako kati yetu wenye magunia yasiyo yao.

Asiyeweza hilo, asiibebe bendera ya mashahidi mbele ya watu.