Maji Hayasomi Hati: Wito kwa Wakaaji wa Golf, Lubumbashi



Kiangazi kinakwisha, jakaranda zimechanua, na kabla mawingu ya Novemba hayajatukuta naona ni wajibu kuwaambia waziwazi neno ambalo kila mmoja wetu hulinung'unikia nyuma ya ukuta wake: ya kuwa mafuriko yanayotutaabisha kila mwaka hayashuki yote kutoka mbinguni, bali sehemu kubwa twayatengeneza wenyewe kwa saruji na ukaidi, kisha tukamsingizia Mola taksiri iliyo yetu.

Tufanye hesabu kidogo. Lupango, yaani kiwanja, wa mita 20 kwa 30 una mita mraba 600. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwetu katika alasiri moja ya Januari, huumwagia lita 30,000, yaani mapipa 150 ya lita 200. Zamani, nyumba ilipokaa katikati ya bustani yake, imezungukwa na miembe, miparachichi na majani, udongo uliyanywa mengi ya maji hayo taratibu. Leo tumetandaza pave za saruji kutoka ukuta hata ukuta, tumeongeza nyumba ya nyuma na vyumba vya kupangisha pembeni, bati likagusana na bati. Na yale mapipa 150, yakikosa pa kuzama, hutoka langoni kwa mkupuo mmoja, yakaungana na ya jirani, yakateremka kuutafuta mto Lubumbashi huku yakichimba barabara ya udongo mwekundu. Wala tusijidanganye kwamba Golf si Bukavu ya milimani, na kwamba mteremko wetu ni wa kawaida tu: maji hayahitaji mlima, yahitaji njia.

Katika mtaa wetu upo ukuta uliotobolewa tundu chini, la kadiri ya ngumi. Aliyelitoboa ni mtu mwema, mwenye kutusalimia kila asubuhi, naye hakukusudia ubaya. Alitaka ua wake ukauke. Lakini upande wa pili wa tundu lile ni jiko la mama mmoja, ambaye kila ngurumo inaposikika hupandisha gunia lake la makaa juu ya meza, kisha akasimama mlangoni, ufagio mkononi, akingoja.

Sheria hatukuikosa. Tangu dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, ujenzi wa mjini si jambo la hiari ya mtu binafsi. Na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 imetamka kuwa ardhi ni mali ya Taifa, sisi tumepewa haki ya kuitumia tu. Basi tulichonacho ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuitumia kwa kumdhuru mwenzake. Msimbo wa Sheria za Kiraia wa Ufaransa wa mwaka 1804, ambao sheria ya Wabelgiji, watawala wetu wa zamani, ilitoka humo, ulikwisha kuweka kanuni ya insafu: mwenye kiwanja cha chini ayapokee maji yanayoshuka yenyewe, pasipo mkono wa mtu, wala asiyazibe, na wa juu asiuzidishe mzigo huo. Ila karatasi, hata iwe na mihuri mingapi, haichimbi mfereji. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022, Kinshasa ilipoteza watu zaidi ya 100 kwa mvua, na huko Mont-Ngafula barabara kuu ya Matadi ilikatika. Sheria hizo ni zao kama zilivyo zetu.

Kwa hiyo nawasihi tupatane juu ya mambo manne, kila mtaa na mkutano wake. Kwanza, thuluthi moja ya kila kiwanja ibaki udongo mtupu, majani au miti. Pili, kila nyumba ichimbe shimo la kunyonya maji ya paa lake, lijazwe mawe, mbali na msingi na mbali na kisima, wala asiwepo mwenye kuelekeza bomba lake kwa jirani. Tatu, ukuta au kibanda kilichokalia mfereji kiondolewe na mwenyewe, kwa heri, kabla hajaja wa kukiondoa kwa shari. Na mashimo yaliyobaki pale vichuguu vilipochimbwa ili kufyatua matofali yafukiwe, yasije yakawa madimbwi ya mbu. Nne, twende pamoja, si mmoja mmoja, kwa chifu wa mtaa na komine, tukaombe kwamba ruhusa yo yote ya kujenga isitolewe mpaka ramani ioneshe maji ya kiwanja yatapita wapi.

Salongo, ile kazi ya pamoja, tunaijua, wazee wetu waliifanya kwa amri, nasi tuifanye kwa hiari. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tutokeni na majembe na makoleo, tuzibue mifereji ya mtaa mzima kwa siku moja, maana mfereji uliozibuliwa nusu humgharikisha aliye mwisho wake. Mimi nakaa upande wa juu, na juma hili nang'oa pave zilizo karibu na lango langu. Nawaomba majirani zangu wa juu tutangulie sisi, kwa kuwa maji yanayoingia katika jiko la yule mama yanaanzia kwetu.