Vikeki vya Jibini, na Mavyaa Aliyekataa Kula

Mama mmoja mwenyeji wa Lamu, aliyeolewa Nyeri na sasa akikaa Majengo, ametuletea swali ambalo jamaa zetu wa Karatina na Nanyuki nao wamekwisha kutugusia. Mumewe amemnunulia lile jiko dogo la umeme lipikalo kwa upepo wa moto, liitwalo eafraya, naye akataka kuwapikia watoto vikeki vya jibini. Mavyaa wake akaitazama pakiti ya jibini laini, akairudisha mezani, akasema yeye hali. Tangu siku hiyo nyumba ina baridi kuliko ile ya Julai. Anatuuliza nani mwenye haki.

Twaanza na mavyaa, kwa kuwa wengi wangemcheka, na wasiwasi wake si wa bure. Jibini nyingi hugandishwa kwa kitu kitolewacho tumboni mwa ndama, ambacho wanazuoni hukiita infaha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu wa pwani, kitu hicho ni tohara iwapo ndama alichinjwa kisharia naye hajala chochote ila maziwa. Akiwa mzoga, ni najisi. Imamu Abu Hanifa alikiona tohara hata hapo. Basi aliyejizuia ana msingi, na aliyekula kwa kauli ya pili halaumiwi. Siku hizi viwanda vingi hutumia kigandishi cha kuvu, na jibini laini ya kupaka aghalabu hugandishwa kwa uchachu tu. Walakini pakiti iandikwayo "kimeng'enya" bila ya kuongeza neno haimwambii mnunuzi kimetoka wapi. Jelatini ndiyo ya kuchungwa zaidi, nayo huingia hata katika baadhi ya mtindi wa dukani.

Lakini mkaazi wa Nyeri ana haja gani na pakiti, na maziwa yako mlangoni pake? Ayachemshe, yakipoa yakawa vuguvugu atie kijiko cha mtindi usio na jelatini, chungu akifunike blanketi usiku kucha, maana kwa baridi ya huko mtindi hukawia kuganda. Ukiganda aumimine katika kitambaa safi cha pamba, autundike mahali penye baridi hadi kesho yake. Lita moja hutoa chini kidogo ya nusu kilo ya kitu kizito, cheupe, chenye uchachu mwepesi, ambacho katika keki hushika mahali pa jibini vizuri sana.

Kwa vikeki sita, robo kilo yake yatosha, pamoja na yai moja, vijiko vinne vya sukari, kijiko kimoja cha konaflawa, hiliki, na ganda la ndimu lililoparwa. (Vanila si lazima, sisi tuliolelewa kwa mkate wa sinia hatubadilishi hiliki kwa kitu.) Chini hushindiliwa biskuti zilizosagwa zikachanganywa na siagi iliyoyeyushwa.

Ama jiko lenyewe, lina feni iusukumayo moto kwa kasi, hivyo juu huiva na kupasuka kabla ya ndani kushika. Aidha Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na vyakula hukauka upesi. Asizidishe nyuzi 150, na baada ya dakika 12 aanze kutazama. Akifunika kwa karatasi ya foili aikaze ukingoni, ama feni itaipeperusha. Kikeki kikitikisika kidogo katikati, azime na kukiacha humo humo kipoe. Mume anayehofia tokeni atulizwe: jiko la wati 1,500 kwa robo saa halimalizi hata nusu uniti.

Kisha vikae frijini saa nne. Na ile kazi ya kutundika mtindi, twaomba aachiwe mavyaa mwenyewe, kwa kitambaa chake na kwa mkono wake.