Usikubali kutolewa ovari kwa karatasi moja

Chukulia umepanda daladala alfajiri kutoka shamba, ukashuka Darajani, ukaenda kupima Mji Mkongwe kwa sababu tumbo la chini limekuwa likikuuma. Altrasaundi imeonesha uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Kipimo cha damu cha CA-125 kimesoma 90, na pembeni pameandikwa kuwa mwisho wa kawaida ni 35. Unaambiwa: “Hii huenda ni saratani, bora tutoe zote mbili.” Unapewa fomu utie saini.

Ushauri wangu kwako, mama: kama si dharura, usitie saini siku hiyo.

CA-125 ni protini iliyomo katika damu. Hupanda kwa saratani ya ovari, lakini hupanda pia ukiwa hedhini, ukiwa na mimba changa, fibroidi, endometriosisi, maambukizi ya nyonga au ugonjwa wa ini. Kifua kikuu cha tumboni hujaza maji tumbo na kuipandisha hata daktari mzoefu akadhani ni saratani, ilhali tiba yake kuu ni vidonge. Upande wa pili, takribani nusu ya saratani za ovari za hatua ya kwanza haziipandishi. Kwa hiyo kipimo hiki huongeza au hupunguza shaka, hakitoi hukumu.

Uvimbe nao si wa aina moja. Kila mwezi ovari hutengeneza kifuko cha maji chenye yai. Kisipopasuka kwa wakati wake huonekana kama uvimbe, na mara nyingi hunywea chenyewe baada ya miezi 2 au 3. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake 1,919 ambao altrasaundi haikuonesha dalili mbaya kwenye uvimbe wao. Ndani ya miaka 2, uvimbe wa mmoja kati ya kila watano ulitoweka, na waliokutwa na saratani hawakufika mmoja kati ya 100.

Kukimbilia kisu kuna gharama. Huko Marekani, matokeo ya utafiti mkubwa yaliyotolewa mwaka 2011 yalionesha kuwa wanawake 3,285 walitiliwa shaka ya saratani kumbe hawakuwa nayo. Kati yao 1,080 walipasuliwa, na 163 walipata madhara makubwa. Upimaji huo haukupunguza vifo. Ndiyo maana asiye na dalili wala historia ya saratani katika familia hashauriwi kupima CA-125 “kujua tu”.

Ukitolewa ovari zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi, hedhi hukoma papo hapo. Joto la ghafla huanza, usingizi hupotea, mifupa hudhoofika mapema na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Mimba ya kawaida haipo tena, na sote tunajua maneno anayoyasikia mwanamke asiyezaa.

Nanyi wazazi, hili linawahusu pia. Binti anaweza kupata uvimbe wenye nywele na hata meno ndani yake. Si uchawi, ni aina ya uvimbe ambao kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hutolewa wenyewe ovari ikabaki. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojisokota. Hapo msingoje, wahini hospitali: ovari ikizongolewa mapema mara nyingi hupona, hata kama imegeuka rangi.

Sisemi upasuaji ni mbaya. Tumbo linalojaa kwa wiki kadhaa, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara na maumivu ya nyonga yasiyokwisha ni dalili za kupelekwa hospitali bila kuchelewa, hasa kwa aliyekwisha kukoma hedhi. Saratani ikithibitika, kusitasita kunaua. Wapo pia wanawake waliorithi hatari hiyo katika familia, ambao kutolewa ovari kunawakinga.

Kabla ya saini, uliza:

1. Altrasaundi imeonesha nini hasa: maji matupu, au vinyama na kuta nene?
2. Je, tunaweza kurudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12?
3. Kifua kikuu, endometriosisi na maambukizi vimeangaliwa?
4. Unaweza kutolewa uvimbe peke yake, au ovari moja tu?
5. Nani atapasua, na uvimbe utapelekwa maabara ya patholojia?

Majibu yasipokuridhisha, omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, Mnazi Mmoja au Muhimbili. Shaka ya saratani ikiwa kubwa, nauli ya boti kwenda Dar es Salaam si hasara: upasuaji wa kwanza ukifanywa na mzoefu wa saratani hizi, mgonjwa hufaidika.

Chukua karatasi zako zote, nenda na mumeo, dada au mama yako, na uulize bila kuona haya. Daktari mzuri hakasirikii maswali.